Taya la chini likibaki nyuma

Mtoto akifunga mdomo, meno ya juu yanatokeza na mdomo wa chini unajificha nyuma yake. Mara nyingi tatizo si meno pekee: taya la chini limebaki nyuma. Mwili ukiwa bado unakua, vipo vifaa vya kulivuta mbele.

Twin Block, kilichobuniwa na William Clark wa Scotland mwaka 1977, ni vipande viwili vya plastiki ngumu, kimoja cha juu na kingine cha chini. Miteremko yake hukutana, hivyo mtoto haumi sawasawa mpaka asogeze taya. Huvuliwa akipiga mswaki. Herbst, kifaa cha Mjerumani Emil Herbst cha mwanzoni mwa karne ya 20, ni fimbo ndani ya mrija wa chuma, vimegandishwa kwenye meno. Mtoto hawezi kukivua.

Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2003 ulivilinganisha kwa watoto 215 wa miaka 11 hadi 14. Matokeo ya meno na taya yalikaribiana. Waliokatiza tiba walikuwa karibu 34 kwa kila 100 wa Twin Block, na 13 wa Herbst. Ila Herbst ilihitaji kurudi kliniki mara nyingi zaidi kwa matengenezo.

Kwa mzazi aliye mbali na kliniki, kama wa Kirungu, kusini mwa Kalemie nchini Kongo (DRC), hesabu hiyo ina uzito. Herbst ikivunjika, mtoto anahitaji mtaalamu. Twin Block ikivunjika, anaivua na kuendelea kula.