Ubongo usio na jeraha, mwili usiotii

KUNA wagonjwa wanaofika hospitalini mguu ukiwa umepooza, mkono ukitetemeka bila kukoma, au mwili ukikakamaa na kutikisika kama wa mwenye kifafa. Hata hivyo, wanapopigwa picha za ubongo, hawapatikani na kiharusi, uvimbe wala jeraha lolote.

Kwa miaka mingi, wengi wao wamekuwa wakirudishwa nyumbani na jibu moja tu: hawana ugonjwa. Wengine hushukiwa kuwa wanajifanya ili wakwepe kazi, masomo au majukumu ya nyumbani. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, ambako kuanguka kwa ghafla huhusishwa upesi na pepo au mkono wa mtu, mgonjwa wa aina hii hujikuta kati ya daktari asiyeona kitu na mganga anayeona mengi mno.

Utafiti wa miongo miwili iliyopita umetoa jibu tofauti. Tatizo lipo, na lipo ndani ya ubongo, ila halimo katika umbo lake bali katika namna sehemu zake zinavyowasiliana. Maradhi haya huitwa ugonjwa wa utendaji wa neva.

Si maradhi ya nadra. Uchunguzi uliofanywa Scotland na kuchapishwa mwaka wa 2010 uliwahusu wagonjwa wapya zaidi ya 3,700 waliopelekwa kwa wataalamu wa neva. Maumivu ya kichwa ndiyo yaliyoongoza. Nafasi ya pili, kwa asilimia 16, ilichukuliwa na dalili za utendaji wa neva zikijumlishwa na zile za kisaikolojia.

Kutoka Paris hadi leo

Wazo kwamba ubongo unaweza kukosea bila kujeruhiwa si geni. Katika karne ya 19, daktari Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, Ufaransa, aliamini kuwa wagonjwa hawa walikuwa na hitilafu ya neva isiyoonekana hata maiti inapopasuliwa. Alifariki mwaka wa 1893 bila kupata chombo cha kuithibitisha.

Sigmund Freud, aliyesoma kwa Charcot kati ya 1885 na 1886, alishika njia nyingine. Alifundisha kwamba uchungu wa moyo uliozikwa ndani hugeuka na kujitokeza kama maradhi ya mwili. Tangu hapo, ugonjwa huu ulitazamwa hasa kama tatizo la akili. Nalo jina la histeria, lenye asili ya neno la Kigiriki la mji wa mimba, liliufanya uonekane kuwa udhaifu wa wanawake. Ni kweli kwamba wanawake huugua zaidi, lakini wanaume nao hawakusazwa.

Ni mwaka wa 2013 ambapo Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, katika mwongozo wake wa kutambua maradhi, kiliondoa sharti kwamba lazima ipatikane huzuni au mshtuko fulani uliosababisha dalili. Masaibu ya maisha huongeza uwezekano wa kuugua, lakini wako wanaougua bila kuwa na kisa cha aina hiyo. Kwa wengine, dalili huanza baada ya jeraha dogo au ugonjwa wa kawaida.

Pasi zinazopotea

Ili kuelewa yanayosemwa na watafiti, mfano wa timu ya kandanda unafaa. Daktari wa timu akiwapima wachezaji mmoja mmoja, huenda akasema wote 11 ni wazima. Lakini anayetaka kujua kwa nini timu inafungwa kila wiki hana budi kutazama pasi: nani anampa nani mpira, na kwa wakati gani.

Picha ya kawaida ya MRI humtazama mchezaji mmoja mmoja. Kuna upimaji mwingine wa mashine hiyo hiyo, ulioanza miaka ya 1990, ambao hufuatilia mabadiliko ya oksijeni katika damu ya ubongo. Sehemu mbili zikipanda na kushuka pamoja, watafiti huhesabu kuwa zinashirikiana. Hapo ndipo pasi huanza kuonekana.

Mnamo 2010, Valerie Voon, Mark Hallett na wenzao nchini Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa wanane wenye mtetemeko wa aina hii. Kila mmoja alipimwa mkono ukitetemeka wenyewe, kisha akapimwa akiutetemesha kwa makusudi. Mtu ni yule yule na mkono ni ule ule, lakini ubongo ulitenda tofauti.

Mtetemeko ulipokuja wenyewe, sehemu moja ya upande wa kulia, iliyo juu na nyuma ya sikio, ilizubaa. Mawasiliano yake na sehemu zinazoongoza miondoko na hisia za mwili pia yalipungua. Sehemu hiyo hulinganisha kile ubongo ulichokusudia na kile mwili ulichotenda, na kutokana na ulinganisho huo mtu hujua kwamba kitendo ni chake. Ulinganisho ukivurugika, mkono huenda na mwenyewe hahisi kuwa ndiye aliyeupeleka. Ndiyo maana madai ya kujifanya hayasimami: aliyejifanya na aliyeugua, hata wakiwa mtu mmoja, hawafanani ndani ya ubongo.

Katika utafiti mwingine wa mwaka huo huo, wagonjwa 16 na watu 16 wenye afya walionyeshwa picha za nyuso zenye hofu, furaha au zisizo na hisia. Kwa wagonjwa, amigdala, kiungo kidogo kinachoshughulikia hofu na hisia nyingine kali, ilikuwa na mawasiliano makubwa zaidi na sehemu inayotayarisha miondoko. Yaani, mlango kati ya hisia na misuli ulikuwa wazi kupita kawaida.

Aidha, mabadiliko haya yanaweza kutoweka. Mwaka wa 2001, Patrik Vuilleumier na wenzake mjini Geneva, Uswisi, waliripoti kuhusu wagonjwa saba waliolegea upande mmoja wa mwili. Utendaji wa sehemu za ndani za ubongo zinazosaidia miondoko ulikuwa umepungua. Waliopona walipopimwa tena, upungufu huo haukuwepo.

Mipaka ya mashine

Hata hivyo, haifai kudhani kwamba mgonjwa anaweza kuingizwa katika mashine na kutoka na cheti cha ugonjwa huu. Matokeo hayo ni wastani wa vikundi vidogo, na bado hayawezi kumtambua mgonjwa mmoja. Isitoshe, mabadiliko ya mawasiliano yanaweza kuwa chanzo cha ugonjwa, au matokeo ya kuishi nao.

Kinachotumika ni mikono na macho ya daktari. Mwaka wa 1908, Charles Hoover wa Marekani alieleza kipimo kisichogharimu chochote. Mgonjwa aliyelala chali akiambiwa akandamize kitanda kwa kisigino cha mguu uliolegea, hawezi. Akiambiwa ainue ule mzima huku daktari akiuzuia, kisigino kile kile hukandamiza kwa nguvu. Nguvu ipo, ila hupotea mgonjwa anapouelekezea mguu huo fikira zake zote. Si ushahidi wa udanganyifu. Ni dalili kwamba njia bado ni nzima, na inaweza kufunguliwa tena.

Kwa wanaoanguka, kurekodi mawimbi ya ubongo wakati wa tukio husaidia kutenganisha maradhi haya na kifafa. Tofauti hiyo ni muhimu, kwani dawa za kifafa hazitibu ugonjwa huu. Wako pia wenye yote mawili.

Tiba huanza kwa maelezo yanayoeleweka, kisha mazoezi ya viungo yanayoondoa fikira kwenye kiungo kilichogoma, au mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia. Hakuna muujiza. Majaribio mawili makubwa ya Uingereza, moja la tiba ya mazungumzo mwaka wa 2020 na jingine la mazoezi mwaka wa 2024, hayakufikia lengo kuu lililowekwa. Ingawa hivyo, waliopata tiba ya mazungumzo waliimarika katika shughuli za maisha, na wengi zaidi kati ya waliofanya mazoezi maalumu walisema miondoko yao ilikuwa bora.

Anayelegea upande mmoja kwa ghafla apelekwe hospitalini mara moja, kwani kiharusi hakisubiri. Lakini vipimo vikitoka safi, familia isifanye haraka kumwita mgonjwa mwongo wala kumtafutia mchawi. Imwombe daktari amchunguze mgonjwa zaidi na aeleze kinachoendelea, kwa sababu kutopatikana kwa jeraha si sawa na kutokuwepo kwa ugonjwa.