Mkato Mmoja Uliosahauliwa

Kompyuta kubwa zitumiwazo na mabenki na mashirika ya ndege huweza kufanya kazi miezi mingi bila kuzimwa. Siku ya kuziwasha upya inapowadia, mafundi hawakosi wasiwasi. Je, mtambo uliokwenda vizuri jana waweza kukataa kuamka leo?

Waweza. Mtambo unapowashwa husoma kwanza orodha za maagizo: kumbukumbu igawanywe vipi, kazi ngapi ziendeshwe kwa pamoja, diski zipi zitumiwe. Katika mfumo wa z/OS wa kampuni ya IBM, ambao asili yake ni mitambo ya System/360 iliyotangazwa mwaka 1964, orodha mojawapo huitwa IEASYS00. Kila mstari wake una nafasi 80, kama zilivyokuwa kadi za kutobolewa, lakini maagizo husomwa katika nafasi ya 1 hadi ya 71 tu. Mstari ukiishia kwa mkato, maana yake ni kwamba maagizo yanaendelea. Usipokuwa na mkato, huhesabiwa kuwa wa mwisho, na yote yaliyo chini yake hupuuzwa.

Tuchukue mfano. Mwezi Januari fundi anaongeza mstari katikati ya orodha, akasahau mkato. Mtambo haulalamiki, kwa kuwa orodha hiyo husomwa wakati wa kuwasha tu. Mwezi Juni mtambo unawashwa upya, na nusu ya maagizo haisomwi. Kosa ni la Januari, hasara ni ya Juni, na aliyelitenda amekwisha kulisahau.

Basi ukaguzi hufanywaje? Kwanza, orodha mpya hulinganishwa na ya zamani mstari kwa mstari, na afadhali mkaguzi asiwe yule aliyeiandika. Pili, baadhi ya orodha zaweza kukaguliwa na mtambo wenyewe ungali ukifanya kazi. Amri ya SETOMVS SYNTAXCHECK, kwa mfano, hukagua sarufi ya orodha za BPXPRM. Lakini sarufi si maana. Aliyekusudia kuandika 500 akaandika 50 hajavunja sarufi yoyote, ila kazi zitakwama. Kwa hiyo, tatu, maagizo mapya hujaribiwa katika sehemu ya mtambo iliyotengwa kwa majaribio.

Hatimaye, orodha ya zamani iliyothibitika huhifadhiwa kwa namba nyingine, ili mwendeshaji aweze kuichagua mambo yakiharibika. Tahadhari hii ni muhimu, kwani vyombo vya kusahihishia orodha vimo ndani ya mfumo uleule uliogoma kuwaka. Ni sawa na kufungiwa nje, na ufunguo umebaki chumbani.

Wanafunzi waweza kulijaribu jambo hili darasani. Mmoja aandike maagizo 10 ya kuchora umbo, afiche kosa moja, na mwenzake alitafute kabla ya kushika kalamu. Wataona kwamba kosa la tahajia hugunduliwa upesi, bali kosa la kipimo hudhihirika mchoro ukiisha kuharibika.