Haki ya Mnyama Mchukuzi

Katika Kiswahili yako maneno mawili yaliyokaribiana hata mgeni ajifunzaye lugha huyachanganya: nyama na mnyama. Nyama ni kitu cha kutiwa chunguni; twasema, "Nyama hii imeiva." Mnyama ni kiumbe mwenye pumzi, twasema, "Mnyama huyu amechoka." Tofauti yao katika maandishi ni herufi moja tu, nayo ni ile m tuionayo mwanzoni mwa mtu, mtoto na mgeni. Twapenda kueleza kwa kifupi yaliyomo ndani ya herufi hiyo, kwani yahusu mwenendo wetu pamoja na sarufi yetu.

Kila mwalimu wa lugha ajua ya kuwa majina ya Kiswahili yamegawanyika katika ngeli, na kila ngeli ina viambishi vyake. Walakini wanyama huuvuka mpaka huo. Kifaru na kiboko kwa umbo ni wenzao kiti na kisu, lakini hatusemi "kiboko kimezama", twasema "kiboko amezama". Punda na ng'ombe kwa umbo ni wenzao nyumba na nguo, lakini husemwa "punda huyu" na "ng'ombe wale". Ndivyo tuwasemavyo kipofu na kiziwi, ambao ni watu. Mti nao una uhai, lakini husemwa "mti huu". Tena mnyama akiisha kufa porini huitwa mzoga, na mara husemwa "mzoga huu umeoza". Basi wazee waliotuachia lugha hawakuangalia umbo la neno. Yule avutaye pumzi, aonaye njaa na kuumwa, walimpa maneno yale yale apewayo mtu.

Twajua ya kuwa sarufi haimlazimishi mtu kutenda mema. Asemaye "punda huyu" aweza kumpiga punda huyo mpaka akaanguka. Kwa hiyo yafaa tulitazame neno la pili, yaani haki.

Neno hili limetoka katika Kiarabu, na Waswahili hulitumia kwa maana mbili zifungamanazo: jambo lililo sawa, na kile ambacho mtu astahili kupewa. Kibarua aliyemaliza kazi akidai haki yake, haombi sadaka, adai ujira. Hisani ni kitu kingine. Hisani hutoka katika moyo wa mtoaji, naye akiizuia haitwi mdhalimu. Lakini azuiaye haki amedhulumu, hata kama yule aliyedhulumiwa hana ulimi wa kushitaki. Wahenga walinena, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni." Nasi twasema hivi: mnyama atufanyiaye kazi, maji yake, majani yake na mapumziko yake yamo katika fungu la haki, hayamo katika fungu la hisani.

Wazo hili si geni. Torati yakataza ng'ombe kufungwa kinywa apurapo nafaka, maana ale katika kazi yake. Waislamu nao wana hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani, akakijaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Habari ya kwanza yafundisha ujira, na ya pili yafundisha huruma kwa mnyama asiyetufanyia kazi yo yote. Mtu mwema ahitaji zote mbili, lakini na aanze kwa kulipa deni.

Tuchukue mfano wa Lamu. Vichochoro vya mji huo wa kale ni vyembamba, gari haliwezi kupita, na tangu zamani mchanga, mawe na vyakula vimechukuliwa mgongoni mwa punda. Mnamo mwaka 1987 ilifunguliwa huko zahanati ya punda, iliyoanzishwa na Elisabeth Svendsen, mwanamke wa Uingereza aliyekuwa ameunda chama cha kuwahifadhi punda katika nchi yake. Kidonda cha mgongoni hutokea pale tandiko baya lisuguapo ngozi siku kwa siku. Na punda akitwikwa tena kabla hakijapona, hugeuka donda ndugu. Dawa yake ya kwanza ni kumpumzisha, wala kupumzisha hakuuzwi dukani.

Hapo wengi hujibu, "Mimi ni maskini, nisipomtwika leo, watoto wangu watakula nini?" Jibu hilo si la kudharauliwa. Mchunga punda alipwaye kwa kila safari huzidisha mzigo kwa sababu malipo ya safari moja hayamtoshi. Basi mwenye saruji ambaye hupunja malipo, kisha hulaumu ukatili wa mchunga, naye ameishika bakora ile ile. Wajibu wetu kwa mnyama na wajibu wetu kwa jirani ni kamba moja. Ukiikata upande huu, upande wa pili pia hulegea.

Jambo hili lilionekana wazi katika biashara ya ngozi za punda. Huko Uchina ngozi hizo huchemshwa, zikatoa gundi iitwayo ejiao, itumiwayo kama dawa. Mapema katika miaka ya 1990 nchi hiyo ilikuwa na punda zaidi ya milioni 10. Idadi yao ilipopungua sana, wanunuzi waligeukia Afrika. Kuanzia mwaka 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa Kenya, na wizi wa punda ukazidi vijijini. Punda si kama mbuzi: huchukua mimba muda wa mwaka mzima hivi, kisha huzaa mtoto mmoja, kwa hiyo waliochinjwa hawarudishwi upesi. Aliyeamka akakuta kamba tupu alirudi kuchukua maji kichwani, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mwanamke. Mnyama alipofanywa kuwa ngozi tu, mzigo wake uliwaangukia wanadamu.

Mwaka 2020 waziri wa kilimo wa Kenya aliamuru uchinjaji huo ukomeshwe; mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaitengua amri yake. Mwezi wa Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika, katika mkutano wao wa Addis Ababa, walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi katika bara zima. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na sheria ya Kenya ihusuyo ukatili kwa wanyama huhesabu kumtwika mnyama kupita kiasi kuwa kosa. Sheria hizo ni njema, lakini askari hawezi kusimama katika kila zizi.

Twazoea kuuita ukatili wa watu "unyama". Neno hilo lawaonea wanyama. Simba huua kwa njaa, wala hapunji ujira wa mtu. Na tusemapo, "Asante ya punda ni mateke," yafaa kwanza tuulize punda alilipwa nini.

Enyi wenzetu wa kazi ya ualimu, mwanafunzi akiandika "punda hii imechoka", twamsahihisha mara moja kwa wino mwekundu. Tukiisha kumsahihisha, na tumwulize pia punda huyo amefanya kazi tangu saa ngapi, na nani wa kumpa maji.