Namna ya Kuonja na Kupima Ubora wa Bia ya Pilipili

Bia ya pilipili ilijipatia jina nchini Marekani, ambako kiwanda kimoja cha Arizona kilitia pilipili nzima ya serrano ndani ya kila chupa. Hata hivyo, mnunuzi asidhani kuwa bia iwashayo zaidi ndiyo bora zaidi.

Kwanza, soma lebo: angalia kiwango cha kilevi na tarehe ya mwisho wa matumizi. Pili, mimina kiasi kidogo katika bilauri, unuse. Harufu hukujulisha kama pilipili ni mbichi au imekaushwa kwa moshi, lakini haikujulishi ukali wake, kwa kuwa kapsaisini, kiini cha ukali huo, haina harufu. Tatu, onja funda dogo na usubiri kidogo, maana muwasho huchelewa, kisha huongezeka funda kwa funda.

Bia njema huacha ladha ya kimea na hopsi itambulikane. Muwasho ukifunika kila kitu, huenda unaficha kasoro, kama vile uchachu wa bia iliyoharibika. Ukionja bia kadhaa, anza na iliyo pole. Kutuliza muwasho, maziwa hufaa kuliko maji, kwani kapsaisini haiyeyuki vizuri majini. Mwenye vidonda vya tumbo aiepuke. Aliyekunywa asiendeshe chombo cha moto.