Mwindaji na Sheria ya Siku ya Leo

Katika nchi ya Kericho na Bomet, mashamba ya chai yanapokoma ndipo msitu wa Mau unapoanza, na mchumaji aliye katika safu ya mwisho aweza kumsikia mbega akinguruma kabla ya jua kuchomoza. Watu wa huko wameishi karibu na wanyama tangu zamani, na katika nyumba nyingi yuko mzee awezaye kusimulia habari za kuwinda. Jambo hilo si baya. Ubaya huanza pale kijana anapozifanya hadithi za mzee kuwa ruhusa, akasema, "Babu aliwinda, na baba aliwinda, mbona mimi nizuiwe?" Swali hilo lastahili jawabu, nasi tutajaribu kulitoa hapa.

Tuseme kuna kijana mmoja akaaye ukingoni mwa msitu, upande wa Bomet. Jioni moja achukua kipande cha waya, afunga tanzi katika njia ya paa, kisha arudi nyumbani kulala. Babu yake alitega mahali pale pale. Baba yake alipita hapo hapo, naye alikuwa na cheti mfukoni. Kitendo ni kimoja na mahali ni pamoja, lakini watu hao watatu wamesimama chini ya sheria tatu zilizo mbalimbali. Kosa la kijana ni kudhani kwamba sheria hurithiwa pamoja na shamba.

Sheria ya babu ilikuwa desturi. Wengine hufikiri kwamba zamani kila mtu aliua apendavyo, lakini sivyo. Miongoni mwa Wakipsigis kila ukoo una mnyama wake, na mtu wa ukoo huo alikatazwa kumdhuru. Miongoni mwa Waokiek, ambao wageni waliwaita Wandorobo, msitu wenyewe uligawanywa kwa milango ya jamaa. Kila mlango ulikuwa na eneo lake la kuwindia na la kuweka mizinga ya nyuki, na aliyeingia katika eneo la wengine pasipo idhini alikuwa na kesi ya kujibu mbele ya wazee. Kwa hiyo hata babu hakuwinda pasipo sheria. Aliijua sheria yake kwa sababu aliisikia kila siku kutoka vinywani mwa watu aliokaa nao.

Sheria ya baba ilikuwa ya karatasi. Gazeti Rasmi la Serikali lilianza kutolewa mwaka wa 1899, na mwaka wa 1900 mataifa ya Ulaya yaliyotawala Afrika yalikutana London, yakaandika mapatano juu ya kulinda wanyama wa pori. Kati ya mambo mengine, mapatano hayo yalikataza kuua ndovu wachanga, na yakataka pembe zenye uzito wa chini ya kilo 5 zitwaliwe. Hayakuthibitishwa na mataifa yote yaliyotia sahihi, lakini fikira yake ilibaki katika sheria za Kenya: kwamba mtu awindaye sharti awe na leseni, na kwamba leseni hiyo itaje mnyama gani, wangapi, na kwa muda gani. Mwaka wa 1951 ikatungwa Sheria ya Kulinda Wanyama wa Pori, ambayo ilikusanya mambo hayo na kuyakaza.

Tabia moja ya sheria ya karatasi yafaa ikumbukwe: hubadilika bila kumpigia mtu hodi. Desturi ya babu ilibadilika polepole kama mti ukuavyo, lakini orodha iliyopigwa chapa Nairobi iliweza kubadilika kwa siku moja. Mnyama aliyeruhusiwa mwaka huu aliweza kukatazwa mwaka ujao. Mfano ulio wazi ni wa ndovu: mwaka wa 1973 Serikali ilikataza kuwawinda, ingawa wanyama wengine waliendelea kuwindwa kwa leseni. Mtu aliyejua sheria ya mwaka wa 1972 tu, akajiona mjuzi, alikuwa katika hatari kuliko yule asiyejua kitu, maana asiyejua huenda akauliza.

Kisha ikaja sheria ya mjukuu. Mwaka wa 1976 Bunge lilipitisha sheria mpya ya kuhifadhi na kusimamia wanyama wa pori. Mwezi wa Mei mwaka wa 1977, kwa Tangazo la Sheria Namba 120, uwindaji ukapigwa marufuku nchini kote. Mwaka uliofuata biashara ya pembe, ngozi na vitu vya namna hiyo ikakatazwa pia. Sababu zake zilionekana kwa macho. Ndovu wa Kenya, waliokisiwa kuwa 167,000 mwaka wa 1973, walikuwa wamebaki karibu 16,000 ilipofika mwaka wa 1989. Na katika milima yetu, bongo, yule mnyama mwenye mistari myeupe akaaye katika misitu minene kama ya Mau, wanakisiwa leo kuwa hawafiki 100 walio huru msituni. Mnyama akipungua kiasi hicho, tanzi moja la waya ni msiba mkubwa, na waya haichagui: tanzi lililotegewa paa humnasa bongo vile vile.

Sheria iliyotungwa mwaka wa 2013, iliyoanza kutumika mwezi wa Januari mwaka wa 2014, haikuufungua mlango huo. Ilipotungwa, ilitaja adhabu kwa awindaye ili apate chakula chake tu: faini isiyopungua shilingi 30,000, au kifungo kisichopungua miezi sita, au yote mawili. Kwa awindaye ili auze nyama, au akutwaye na nyama hiyo, ilitaja faini isiyopungua shilingi 200,000 au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au yote mawili. Basi yule asemaye, "Nilitaka kitoweo cha watoto tu," ajue kwamba sheria ilikwisha kumfikiria, ikamwekea kifungu chake. Tena sheria hiyo yenyewe imekwisha kurekebishwa tangu hapo, kwa hiyo msomaji asikariri viwango hivi kana kwamba ni vya milele. Na aulize vya leo.

Hapo wengi huuliza: je, mtu ambaye hakuambiwa aweza kuadhibiwa? Jawabu liko katika Kanuni za Adhabu za Kenya, kifungu cha 7, ambacho husema kwa maana yake kwamba kutojua sheria si udhuru, isipokuwa pale sheria yenyewe inapotaja ujuzi kuwa sehemu ya kosa. Neno hilo ni gumu, lakini lina sababu. Kama kutojua kungekuwa ngao, aliyejisumbua kwenda kuuliza angeadhibiwa, na aliyeziba masikio angeachiliwa. Hapo kila mtu angeziba masikio yake.

Sisi tufanyao kazi ya kufasiri tunajua shida nyingine, nayo ni shida ya maneno. Kwa Kiswahili cha kila siku, "kuwinda" ni kumfuata mnyama mpaka umpate. Katika sheria neno hilo ni pana zaidi, na aliyetega tanzi akalala nyumbani hawezi kusema kwamba hakuwinda. Vivyo hivyo neno "nyara". Wengi hudhani ni pembe ya ndovu au ya kifaru tu. Katika sheria ya mwaka wa 2013 ni mnyama wa pori na sehemu zake, kama mfupa, kucha, ngozi, unyoya au jino, hata ikiwa kimekwisha kutengenezwa kuwa kitu kingine. Kwa hiyo joho la zamani la ngozi ya mbega au pimbi, ambalo mzee aliliacha sandukuni, si jambo la kupuuzwa. Aliyelirithi asiliuze wala asilifiche, bali aende kuuliza apate kibali. Sheria hiyo ilipotungwa, adhabu ya kuwa na nyara pasipo kibali ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni moja, au kifungo kisichopungua miaka mitano, au yote mawili.

Tena mipaka ya nchi hubadili sheria. Katika nchi jirani ya Tanzania uwindaji kwa leseni umeendelea kuruhusiwa, na mwaka wa 2020 zilitolewa kanuni za kuuza nyama ya pori katika bucha maalum. Mtu wa Bomet aliyekwenda kuwatembelea jamaa zake huko asidhani kwamba kilicho halali katika soko la kule huwa halali katika mfuko wake akivuka mpaka kurudi nyumbani.

Haingekuwa haki kumaliza bila kuyataja malalamiko ya wale ambao msitu ulikuwa ghala lao. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyotoa taarifa yake mwaka wa 1934, ilishauri Waokiek waondolewe misituni na kuchanganywa na makabila mengine. Hawakuulizwa, na sheria za wanyama ziliandikwa kwa lugha ambayo wengi wao hawakuisoma. Malalamiko yao yalifika mbali: tarehe 26 Mei mwaka wa 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba haki zao katika msitu wa Mau zilivunjwa, na mwezi wa Juni mwaka wa 2022 ikatoa hukumu ya fidia. Hiyo ndiyo njia ya kuipinga sheria: kwa mashtaka, kwa ushahidi, mchana kweupe. Lakini hukumu hiyo haikumpa mtu ye yote cheti cha kutega waya usiku. Mwenye kudai haki yake ya ardhi ana mawakili na majaji wa kumsikiliza. Aliyekamatwa na mzoga ana hakimu peke yake.

Serikali nayo ina wajibu wake. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 35, yaitaka itangaze habari muhimu zinazowahusu wananchi. Tangazo lililoandikwa kwa Kiingereza likafungwa ndani ya kabati halijamfikia mchumaji chai. Yafaa basi mambo haya yasomwe katika baraza za machifu, makanisani na shuleni, kwa Kiswahili na kwa Kikipsigis. Hata hivyo mwananchi asikae akingoja kuletewa sheria mlangoni kama barua.

Ni mambo gani, basi, yampasayo mtu akaaye karibu na msitu? Kwanza, kabla ya kumgusa mnyama wa pori, na aulize katika ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, ambalo wengi hulijua kwa herufi KWS, au kwa chifu wake. Pili, tumbili au nyati wakiharibu mahindi yake, apeleke habari upesi huko huko, wala asitege. Tatu, akiona waya msituni atoe habari, wala asiseme kwamba si wake. Nne, asinunue nyama asiyojua ilikotoka, hata ikiwa bei yake ni rahisi. Tano, awaambie watoto hadithi za babu zote, lakini amalizie kwa kuwaambia sheria ya leo.

Wahenga walisema kwamba majuto ni mjukuu. Katika habari hii methali hiyo ina ukweli wa pekee, maana babu aliwinda akala, baba alilipia cheti akala, na mjukuu ndiye atakayesimama kizimbani akisema kwamba hakujua. Kuuliza si ujinga, na njia ya kwenda kuuliza ni fupi kuliko njia ya kwenda gerezani.