Nidhamu za kiroho

Nidhamu za kiroho (pia: mazoezi ya kiroho) ni matendo ambayo Wakristo huyafanya mara kwa mara na kwa utaratibu, ili kukua katika imani na kujiandaa kuwatumikia wengine. Kati yake kuna sala, kufunga, kutafakari Biblia, ukimya, kuungama dhambi, kuishi kwa kiasi na kuwahudumia wenye shida.

Historia

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, Yesu anafundisha juu ya sadaka, sala na kufunga, akionya visifanywe kwa kujionyesha. Katika karne ya 3 na ya 4 Antoni Mkuu na wamonaki wengine waliishi jangwani huko Misri kwa sala na mfungo. Katika karne ya 6 Benedikto wa Nursia aliandika kanuni inayogawa siku kati ya sala, usomaji na kazi. Mwaka 1548 kilichapwa kitabu cha Ignas wa Loyola kinachoongoza mafungo ya takriban siku 30.

Martin Luther alipinga wazo kwamba matendo hayo humpatia mtu wokovu, ila aliendelea kuhimiza sala ya kila siku. Mwaka 1978 Richard Foster wa Marekani aliandika juu ya nidhamu 12 katika makundi matatu: za ndani, za nje na za pamoja.

Afrika Mashariki

Wamonaki Wabenedikto walifungua misheni ya Pugu, karibu na Dar es Salaam, mwaka 1888. Baadaye walianzisha Peramiho (1898) na Ndanda (1906), ambako kanuni ya Benedikto inafuatwa hadi leo.

Uamsho wa Afrika Mashariki, uliopata nguvu Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ulisisitiza kuungama dhambi hadharani, kupatana na kuishi "nuruni" pamoja na wenzako. Ulienea Uganda, Kenya na Tanganyika.

Kwa Wakatoliki, maaskofu wa AMECEA walipitisha miaka ya 1973 na 1976 mpango wa jumuiya ndogondogo za Kikristo. Majirani hukutana nyumbani kwa zamu, husoma Injili, husali na kupanga msaada kwa wagonjwa na wafiwa. Walutheri pia wana jumuiya za namna hiyo.

Katika mazingira ya mjini

Katika kata kama Keko, wilayani Temeke, nyumba zimebanana, na familia kadhaa huweza kupanga katika nyumba moja. Chumba cha faragha ni adimu, na karakana za samani zina kelele. Hapo ukimya hutafutwa alfajiri au kanisani, na nidhamu za pamoja huwa rahisi kudumu kuliko za upweke. Kata hiyo ina pia gereza la mahabusu. Kuwatembelea wafungwa ni kati ya matendo ya huruma yanayotajwa katika Mathayo 25.

Hatari zake

Walimu wa maisha ya kiroho wanaonya juu ya kiburi, kujilinganisha na wengine na kufunga kunakodhuru afya. Anayehudumia watu bila kusali huweza kuchoka na kukauka. Anayesali bila kumjali jirani amekosa lengo. Kipimo cha nidhamu ni upendo unaoongezeka, wala si wingi wa saa.