Kusasisha Kompyuta Si Mwisho wa Kazi

Kazi iliyoachwa nusu huweza kudhuru kuliko kazi isiyoanzwa, kwani humpa mwenyewe amani isiyo na msingi. Jambo hili hudhihirika katika kompyuta zinazotumia mfumo wa Linux, ambazo huhifadhi kumbukumbu za serikali na taasisi nyingi duniani. Mtaalamu husasisha programu, akaona vifurushi vyote ni vipya, akafunga ofisi. Kumbe programu zilizokuwa zikifanya kazi tangu asubuhi bado zinatumia nakala ya zamani. Ni sawa na nahodha aliyenunua kamba mpya, akaiacha ghalani, akasafiri na ile iliyochakaa.

Dunia ilipata somo tarehe 7 Aprili 2014, ilipotangazwa kasoro iliyoitwa Heartbleed katika OpenSSL, programu inayolinda siri za mawasiliano. Kasoro hiyo ilimwezesha mtu aliye mbali kuchota nywila na funguo za siri kutoka katika seva. Dawa ilitolewa siku ile ile. Lakini kuweka kifurushi kipya hakukutosha: kila huduma iliyokuwa ikikitumia ilibidi ianzishwe upya, na funguo zibadilishwe. Aliyesahau hatua hizo aliacha mlango wazi akidhani ameufunga.

Basi kwa nini tutegemee kumbukumbu ya mtu aliyechoka, ilhali mashine yaweza kuamrishwa? Katika Arch Linux, tangu toleo la 5.0 la pacman mwaka 2016, mtunzaji huweza kuandika faili fupi, iitwayo ndoano, ndani ya /etc/pacman.d/hooks. Sehemu moja hutaja kifurushi kinachongojewa, nyingine hutaja amri itakayofuata kikibadilika. Katika Debian na Ubuntu, programu ya needrestart hukagua ni huduma zipi bado zinatumia nakala za zamani, na huweza kuzianzisha upya.

Hata hivyo, mtumishi huyu naye ahitaji msimamizi. Novemba 2024 zilitangazwa kasoro katika needrestart yenyewe, zilizokuwamo kwa takriban miaka 10, ambazo zingeweza kumpa mtumiaji wa kawaida mamlaka yote ya mashine. Kwa hiyo, ndoano ziwe chache, zijaribiwe kwanza kwenye mashine ya majaribio, na kila zifanyalo liandikwe, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Aidha, keneli, yaani kiini cha mfumo, ikisasishwa kwa njia ya kawaida, haianzi kazi mpaka mashine iwashwe upya. Saa ya kusimamisha huduma ya wananchi haina budi kupangwa na mtu mwenye dhamana.

Mkuu wa idara asiridhike kuambiwa, "Tumesasisha." Aulize: Huduma zimeanzishwa upya? Nani amehakikisha? Imeandikwa wapi? Kumbukumbu za ardhi, mishahara na vizazi ni amana ya wananchi, na amana hairudishwi nusu.